Nani Mzee wa Kufungua Mto

Kwa hesabu ya watu wa Inverfearna, kijiji chetu cha nchi ya baridi, majira ya kuchipua huanza katikati ya Februari, theluji ikiwa bado imekalia vilima kama mgeni asiyejua kuaga. Siku hiyo mto unafunguliwa, nasi tunaingia majini hadi mapajani kumtafuta samoni, ambaye tukimpata sheria inatuamuru tumbusu na kumrudisha alikotoka. Kumbusu nimeongeza mimi. Kumrudisha ni kweli, na kulipa tunalipa kabla ya kumwona. Ukiona jambo hilo lina maana, basi wewe ni wa kwetu, hata kama umezaliwa kwingine.

Mwaka huu sikuwa na cha kulipia. Boila la kupasha nyumba joto lilikufa wiki ya Krismasi na akiba yangu ikafuatana nalo kaburini. Fundi alipokuja kung'oa lile bovu nilimwomba aniachie mirija yake myembamba ya shaba.

"Ya nini, bibi?"

"Ya ukumbusho. Tumeishi pamoja muda mrefu."

Akaniachia, huku akinitazama kama watu wanavyomtazama mjane anayeanza kuongea na vyombo. Kumbe mimi nilikuwa napanga. Mwezi Februari maji ni baridi na samoni amelala chini kabisa, hapandi juu kwa ajili ya mtu. Chambo lazima kiwe kizito kimfuate kitandani. Vile vya dukani vina mwili wa shaba, na bei yake utadhani ni dhahabu. Basi nilikata mrija wa boila vipande vya urefu wa kucha, nikavizungushia uzi wa kumetameta niliouvua kwenye mti wa Krismasi. Sisi tunaviita nzi, ingawa hakuna nzi aliyewahi kufanana navyo, na kama yupo Mungu atuepushe naye.

Yalibaki manyoya. Mchungaji wetu ana mbwa mkubwa wa rangi ya dhahabu ambaye humsubiri mlangoni mwa kanisa kila Jumapili. Nilianza kwenda kanisani na kitana kwenye mkoba.

"Dolina," mchungaji akaniambia Jumapili ya tatu, "nafurahi kuona unampenda hivi kiumbe wa Bwana."

"Ana nywele nzuri, mchungaji. Ningekuwa nazo mimi nisingelala peke yangu."

Hakuniuliza tena.

Ufito wa kuvulia ninao, aliuacha marehemu Angus, mume wangu. Suruali zake za mpira za kuingilia majini pia ninazo. Zinanifika kifuani na miguu yake ilikuwa mikubwa kama mitumbwi, lakini soksi tatu zinajaza pengo. Zilikuwa na matundu gotini. Nikayaziba kwa viraka vya baiskeli. Petroli haikunisumbua, kwani Hector wa ng'ambo ya kilima hupita mlangoni kwangu, naye hawezi kumkatalia mtu mwenye chupa ya supu ya viazi moto. Wala sikuhitaji kuamka alfajiri. Matajiri wanaotoka mbali huamka kiza wakagandishwe bure, lakini samoni wa Februari haondoi shuka kabla maji hayajapata jua, na jua letu ni la saa tano. Unakunywa uji wako nyumbani, unavua mchana, unarudi nyumbani kwa chai. Hoteli haikuoni.

Kwa hiyo kila kitu kilikuwepo, isipokuwa kibali cha msimu. Kisichokuwepo ndicho kinachofungua mlango, na bila kibali majira yote ya kuchipua ningekaa dirishani nikiangalia migongo ya watu wengine. Nimeukosa mto huo mara moja tu tangu Angus afariki, mwaka nilipovunjika nyonga, na mwaka huo nilijua nyufa zote za dari yangu kwa majina. Sikutaka tena.

Sasa, chama chetu cha wavuvi kina desturi. Mwanachama mzee kuliko wote ndiye anayefungua mto. Anamwaga toti ya wiski majini, anatupa mshipi wa kwanza, kisha anakishuka kile kilindi cha kwanza peke yake kutoka kichwani hadi mkiani, wengine wote wakimsubiri ukingoni. Na msimu huo hatoi hata peni. Kwa miaka mingi mzee huyo alikuwa Ruaridh. Ruaridh alituaga mwezi Novemba. Nilimlilia kwa dhati, kwa jicho moja. Jicho la pili lilikuwa linapiga hesabu.

Hesabu ilinipeleka kwa mtu mmoja tu, Farquhar.

Mimi nina miaka sabini na saba na sioni haya. Farquhar anasema ana sabini na tatu. Alienda baharini kijana, akarudi na ndevu, na miaka kadhaa ikawa imeanguka njiani. Lakini siku yangu ya kwanza shuleni, Farquhar alikaa nyuma yangu akachovya mkia wa nywele zangu kwenye kidau cha wino. Kwa hesabu yake ya sasa, siku hiyo alikuwa mtoto wa kunyonya. Mtoto hodari! Ana sabini na tisa, na wengine waliokuwa wakilijua hilo tumeshawazika.

Alikuwa na sababu. Alikuwa anamposa Ishbel, mjane aliyehamia kwetu kutoka visiwani, mwanamke mtulivu mwenye mikono ya kuoka. Ishbel alikuwa ametangaza mbele ya watu, akimenya viazi vya karamu ya kanisa, kwamba amemuuguza mume mzee mmoja hadi mwisho na inatosha. Akiolewa tena, mwanamume asizidi sabini na tano. Tangu siku ile Farquhar akaanza kupanda ngazi mbili mbili. Tukasikia magoti yake kabla ya kumwona.

Lakini nilimjua. Mbele ya kibali cha bure na mshipi wa kwanza, Farquhar angeweza kuikumbuka miaka yake yote kwa ghafla, mradi Ishbel asisikie. Mkutano wa chama hufanyika ukumbini, na Ishbel si mwanachama.

Nikaenda kwake nikagonga.

"Shoga yangu," nikamwambia, "Alhamisi tuna mkutano wa chama. Watu wanakufa kwa njaa mle ndani. Ungetuletea skonzi zako?"

"Skonzi tu?"

"Na wewe mwenyewe ukae. Skonzi bila mwenyewe hazina ladha."

Akaja. Alikaa safu ya mbele, amevaa kofia yake ya kijani, sinia mapajani. Farquhar alipoingia alimwona akatabasamu, halafu tabasamu likapungua taratibu kama mtu anayekumbuka kwamba ameacha sufuria motoni.

Donnie, tarishi wa posta, ndiye mwenyekiti wetu. Ni mtoto wa miaka hamsini. Alikohoa, akamwombea Ruaridh pumziko, kisha akasema, "Sasa, wazee wangu. Desturi ni desturi. Nani mkubwa wetu?"

Nikatazama viatu vyangu kwa unyenyekevu.

"Mimi nina sabini na tano," Hector akasema, "kwa hiyo si mimi. Labda muulizeni Farquhar, anaonekana amechoka."

Watu wakacheka. Farquhar alisimama. Nilimwona akitazama lile kombe la fedha juu ya meza, la kumwagia wiski, kisha akaitazama kofia ya kijani, kisha kombe tena. Sijapata kumwona mwanamume akivutwa na kamba mbili hadharani namna ile. Jasho lilimtoka, na ukumbi wetu hauna boila kabisa.

"Mwenyekiti," akasema mwishowe, "sisi vijana tusiwasahau wakubwa zetu. Bibi Dolina ndiye mzee kuliko wote. Tumpe heshima yake."

"Ahsante, mwanangu," nikasema.

Alinitazama kwa jicho ambalo lingekaanga yai. Kisha akaenda mezani na kulipia kibali chake kama watu wote. Alikuwa ameiuza mashine ya boti yake ili aipate pesa hiyo, nilikuja kujua baadaye. Mimi nilitia cha kwangu mfukoni nikala skonzi mbili.

Siku ya kufungua kulikuwa shwari. Hakuna upepo, mbingu nyeupe, mto umejaa kiasi na rangi yake ni ya chai isiyotiwa maziwa, ndivyo unavyotakiwa. Mpiga zumari wetu alipiga wimbo mmoja akaacha kwa sababu vidole havikuwa vyake tena. Watu walisimama ukingoni mwa kilindi tunachokiita Kitanda cha Askofu, wakipiga miguu chini. Ishbel alikuwepo, ameleta chai kwenye chupa kubwa, na Farquhar alisimama karibu yake akiwa amenyooka kama mlingoti.

Nilimwaga wiski. Sikuimwaga yote, mto wenyewe hauna choyo. Nikasema maneno tunayosema, nikaingia majini.

Samoni wa wakati ule havuliwi kwa pupa. Unatupa mshipi ng'ambo, unauacha mkondo uubebe polepole mpaka unyooke upande wako, unavuta kidogo, unapiga hatua moja kushuka, unatupa tena. Hivyo hivyo hadi mwisho wa kilindi, na hapo umekifagia chote bila kuruka mahali. Ni kama kusali rozari, ila sisi huku wengi si Wakatoliki, kwa hiyo tunakwenda mtoni. Nilitulia. Mikono ilikumbuka. Nilisikia nzi wangu wa boila akigusa mawe chini, tik, tik, na nikawaza kwamba lile boila halijawahi kufanya kazi vizuri hivi lilipokuwa hai.

Nilikuwa nimefika katikati kiraka kilipoachia.

Kwanza ilikuwa kama kidole cha barafu gotini. Nikasema haidhuru. Kisha kidole kikawa mkono mzima, ukashuka hadi kwenye soksi zote tatu. Nikapiga hatua moja zaidi, nikatupa, na mshipi ulipokuwa unanyooka nikaona maji nyuma ya nzi yakivimba. Mgongo mpana wa rangi ya risasi ukajitokeza, ukageuka na kuzama. Hakushika. Alikuja kuangalia tu, kama mtu anayefungua pazia ajue nani anapita.

"Mmemwona?" Hector alipiga kelele.

Walikuwa wamemwona wote. Nami mguu wa kushoto sikuwa nao tena. Nilijaribu kuinua, ukawa gunia la maji. Nilijua kitakachotokea nikiendelea: ningeanguka, na Donnie angelazimika kuja kunitoa, na hadithi hiyo ingesimuliwa kwenye mazishi yangu. Nikageuka nikatoka polepole, nikiburuta, nikakaa kwenye jiwe. Ishbel akanifungulia koti na kunitia kikombe mkononi.

"Sasa inakuwaje?" mtu akauliza.

Kwa sababu kilindi cha ufunguzi hakiachwi katikati. Kikiachwa, mwaka mzima samaki hatapanda. Ndivyo tunavyoamini, na hakuna aliyewahi kujaribu kuona kama ni uongo.

Donnie akakuna kichwa. "Desturi inasema anayemfuata kwa umri achukue ufito uleule na kumaliza."

"Basi ni mimi," Hector akasema, bila furaha. Vidole vya Hector vimepinda kwa baridi yabisi, na siku za Februari hata kijiko cha supu kinamshinda. Lakini ni mtu wa wajibu. Akaanza kuteremka ukingoni, ametanua mikono kama bata.

Nilikuwa namwangalia Farquhar. Samaki alikuwa pale, hatua mbili chini ya mahali nilipotokea. Samoni aliyekuja kuangalia mara moja atakuja tena, na aliye mzuri wa kumrudia ni mtu anayejua kuuchelewesha mshipi kwa pumzi moja. Farquhar anajua. Mikono yake ilikuwa tayari inatupa mshipi hewani, bila ufito. Hector akajikwaa, akashika kichaka.

"Sabini na tisa!" Farquhar akalia.

Watu wakageuka.

"Nina sabini na tisa! Nimezaliwa kabla yake, kabla ya huyu, kabla yenu nyote! Hector, toka hapo, utamkanyaga! Leteni huo ufito!"

Aliteremka ule ukingo kwa kasi ambayo kwa kweli ilikuwa ya mtu wa sabini na tatu. Alininyang'anya ufito mikononi, akaingia majini na suruali zake nzuri zisizo na viraka, akatupa. Mshipi ukanyooka. Hakuna kitu. Akapiga hatua, akatupa, akauchelewesha ile pumzi moja, na ufito ukainama taratibu kama mtu anayeitika salamu.

Sitasimulia vile walivyovutana. Wanaume husimulia sehemu hiyo kwa muda mrefu kuliko yenyewe ilivyodumu. Mwishoni samaki alilala ubavu karibu na mawe, wa fedha tupu, bado ana chawa wa baharini mkiani, ishara kwamba ametoka baharini juzi tu, na ikaonekana hakuna aliyeshika wavu. Ishbel akauchukua. Aliingia majini na viatu vyake vya kanisani, akamteka samaki kama anayechota unga, akainama kumshikilia amkabili mkondo mpaka apate pumzi.

"Kwa mtu wa miaka sabini na tisa," akasema bila kuinua macho, "una kelele sana."

Farquhar akavua kofia. "Ishbel..."

"Nyamaza kidogo. Samaki anapumzika."

Tukanyamaza sote, watu ishirini na mpiga zumari. Samoni akatikisa mkia mara moja akaondoka.

Hapo ndipo Farquhar alipogeuka kwangu. Alikuwa ameshapoteza alichokuwa anakificha, basi akaona bora apate kile kibali alichokikosa kwa kukificha.

"Mwenyekiti! Kama mkubwa ni mimi, kibali cha bure ni changu. Huyu mama arudishe. Na zaidi ya hayo, alijua! Tulisoma darasa moja! Alimleta Ishbel mkutanoni makusudi!"

"Nilimwita kwa ajili ya skonzi," nikasema.

"Mwongo wewe!"

"Mimi nimesema nina miaka mingapi, Farquhar? Wewe umesema una mingapi?"

Donnie aliangalia mto, akaangalia kombe, akaniangalia mimi na soksi zangu zinazochuruzika. Niliona akielekea kwenye haki, na haki haikuwa upande wangu. Kibali kilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti. Niliweka mkono juu yake. Nikaona dirisha langu, na Machi nzima, na Aprili, na nyufa za dari zikinisubiri kwa majina yao. Mguu ulikuwa umeanza kuuma, yaani ulikuwa umerudi, lakini sikuujali.

"Kwa kweli, bibi," Donnie akaanza, "desturi..."

"Ngoja, Donnie," Ishbel akasema. Alikuwa ametoka majini, anakamua upindo wa sketi. "Mimi si mwanachama, lakini nilikuwepo ukumbini. Huyu alisimama mbele ya watu akasema yeye ni kijana. Hakuna aliyemlazimisha."

"Nilisema kwa ajili yako!" Farquhar akasema.

"Najua. Na ndiyo sababu bado naongea na wewe." Akamtazama kwa utulivu ule wa watu wa visiwani, ambao huwezi kujua kama ni mvua au jua. "Ulichagua, na ulichochagua umekilipia. Sasa usinifanye nijione nimebadilishwa kwa kibali cha samaki. Mwaka huu una sabini na tatu, kama ulivyosema. Mwakani rukia themanini, ufungue mto kwa haki yako, nami nitakushikia kombe."

Farquhar alizungusha kofia yake mikononi. Nadhani ilimchukua muda kuelewa kwamba katika yale maneno, mwakani Ishbel alikuwemo.

"Themanini?" akauliza kwa sauti ndogo. "Na yale ya sabini na tano?"

"Yale niliyasema nikimenya viazi. Mtu akimenya viazi husema mengi."

Donnie alipumua kama mtu aliyetuliwa gunia. "Basi. Wiski ikishamwagwa haizoleki. Mto umefunguliwa na bibi Dolina, kibali kinabaki kwake. Haya, ingieni majini, mbona mnatazama?"

Wakaingia, mmoja mmoja, kwa nafasi zao. Hector alinipeleka kwenye gari lake, nikavua soksi, nikaweka miguu juu ya chupa ya supu. Kioo kilijaa ukungu wa pumzi zangu nikakifuta kwa kiwiko. Farquhar alikuwa amesimama ukingoni akimwonyesha Ishbel jinsi ya kutupa, amemzungushia mikono, na Ishbel alikuwa anatupa vibaya kwa makusudi. Mimi ni mwanamke, najua.

Baada ya muda akaja kugonga kioo. Nikateremsha kidogo tu, nisipoteze joto.

"Dolina. Yule nzi umemfunga na nini? Yule samaki alimmeza mpaka kooni."

"Mbwa wa mchungaji na boila."

Alifikiri. "Utanifungia wawili?"

"Una gari, Farquhar. Mimi ninakwenda Jumanne, maji yakishuka. Saa nne na nusu uwe mlangoni kwangu, na usipige honi, mimi si kiziwi."

"Jumanne nimeahidi kumpeleka Ishbel mjini."

"Basi Jumatano," nikasema, nikapandisha kioo.